Kukimbia peku: kitabu kimetangulia, ushahidi uko nyuma

Mwambie mtu hapa mtaani kwamba unafanya mazoezi ya kukimbia peku, atakuuliza kama raba zako zimeibiwa. Kwa wengi wetu peku ni habari ya shule ya msingi, ya kukosa viatu. Ndiyo maana Born to Run, kitabu cha Christopher McDougall cha mwaka 2009, ukikisoma ukiwa huku kinachekesha kidogo: Mmarekani mwenye maumivu ya mguu anasafiri hadi mabonde ya Mexico, anawakuta Rarámuri wanaokimbia umbali wa kutisha, anarudi na habari njema kwamba viatu vya kisasa ndivyo adui.

Hebu tuanze na miguu ya hao Rarámuri. Hawakimbii peku! Wanavaa kandambili za kamba zenye soli ya tairi, yaani katambuga kabisa. Kitabu chenyewe kinasema hivyo, lakini shauku yake inampeleka msomaji kwenye miguu mitupu, na wengi ndiko walikoishia. Mimi pia nilianza kukimbia peku baada ya kukisoma, na bado nakimbia mara mbili kwa wiki kwenye nyasi za uwanja. Napenda. Ila kupenda kitu si ushahidi.

Ushahidi ulioipa harakati hii nguvu ulikuja mwaka 2010, pale Daniel Lieberman na wenzake walipochapisha kwenye jarida la Nature. Walilinganisha wakimbiaji, wakiwemo wa Bonde la Ufa nchini Kenya, wakaona waliozoea peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na kishindo cha kutua kinakuwa kidogo kuliko cha mvaa raba anayetua kwa kisigino. Kazi nzuri. Lakini angalia kilichopimwa ni kishindo, si majeraha. Kutoka "kishindo kidogo" hadi "hutaumia" kuna mto mpana, na watu waliuvuka bila daraja.

Tena Kenya hiyohiyo ikaleta jibu jingine. Mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake waliwapima watu wazima 38 wa jamii ya Daasanach, kaskazini mwa nchi, watu waliokulia peku. Kwa mwendo wao wa kawaida, asilimia 72 walitua kwa kisigino. Kasi ilipopanda, wengi wakabadilika. Kwa hiyo "mtuo wa asili" wa binadamu ni upi? Inategemea unakimbia kasi gani, na pengine juu ya nini.

Fizikia yake si ngumu. Mzigo haupotei, unahama. Ukitua kwa mbele, goti linapumzika kiasi, halafu kigimbi, kano ya kisigino na mifupa ya unyayo vinabeba. Wiki zangu mbili za kwanza vigimbi vilikaza mpaka kushuka ngazi ikawa kazi, na hapo nilikuwa nakimbia dakika kumi tu. Mwaka huohuo wa 2013, Sarah Ridge na wenzake waliwahamisha wakimbiaji wazoefu kidogokidogo, kwa wiki 10, kwenda viatu vyembamba vya vidole vitano. Picha za MRI zikaonyesha dalili za mifupa kuelemewa kwa watu 10 kati ya 19. Kampuni ya viatu hivyo, Vibram, mwaka 2014 ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi kuhusu madai yake ya kiafya.

Na kuna jambo ambalo mjadala huu wa Marekani unaligusa kwa mbali: udongo. Kwetu, mabuu ya minyoo ya safura hupenya ngozi ya unyayo kutoka kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Ongeza vioo, misumari, pepopunda, na lami ya saa nane mchana. Anayeacha viatu kwa hiari achague uwanja wake, na chanjo iwe imekamilika.

Watakutajia pia Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Roma 1960 akiwa peku. Sawa. Tokyo 1964 alishinda tena, safari hii kwa viatu, na muda bora zaidi: 2:12:11 badala ya 2:15:16.

Kitabu ukisome hata hivyo, jamaa anajua kusimulia. Sehemu tamu kuliko zote ni mashindano ya kule mabondeni mwaka 2006, Scott Jurek dhidi ya Arnulfo Quimare, na nani alifika wa kwanza sikuambii.