Mpanzu: Kiungo Aliyepanda Madaraja Manne kwa Kazi Moja

Mei 27, 2023, uwanjani Wembley, Fankaty Dabo wa Coventry City alipaisha penalti yake juu ya mwamba, na Luton Town wakapanda Ligi Kuu ya England. Dakika 120 zilikwisha 1-1, mikwaju ikaamua 6-5. Katika umati ule wa furaha alikuwamo kiungo wa jezi namba 17, Pelly Ruddock Mpanzu, mzaliwa wa London mwenye asili ya Kongo. Siku hiyo akawa mchezaji wa kwanza kutoka daraja la tano hadi Ligi Kuu akiwa na klabu ileile.

Wengi waliisimulia safari hiyo kama hadithi ya uaminifu. Uaminifu ulikuwepo, lakini kocha hampangi mtu kwa sababu ya uaminifu. Wenzake wa mwaka 2014 waliachwa njiani mmoja baada ya mwingine. Kwa nini yeye hakuachwa, ilhali hana pasi za kushangaza wala mabao mengi? Jibu liko kwenye kazi aliyokuwa akiifanya uwanjani, na jinsi kila kocha alivyoitafutia mahali pake.

Tuanzie chini. Msimu wa 2008-09 Luton walikatwa pointi 30, wakashuka daraja la tano na kukaa huko misimu mitano. Novemba 2013 kocha John Still alimchukua Mpanzu kwa mkopo kutoka West Ham, akiwa na miaka 19, na Januari 2014 akamsajili moja kwa moja. Kijana alikuwa na uchaguzi wa kubaki akisubiri nafasi kwenye klabu kubwa, naye akachagua kucheza. Luton walitwaa ubingwa wa msimu ule kwa pointi 101.

Daraja la tano mpira hukaa sana hewani. Beki anapiga mrefu, mshambuliaji anagombea kwa kichwa, na mechi inaamuliwa na anayeuwahi mpira ukidondoka. Hapo ndipo kifua na mapaja ya Mpanzu vilipokuwa na thamani. Alikuwa akiuwahi mpira wa pili, anamweka mpinzani mgongoni, kisha anaondoka nao mita kumi au ishirini mbele. Shikeni tendo hilo la kubeba mpira kutoka kwenye msongamano hadi kwenye nafasi, kwani ndilo lililompandisha.

Luton walikaa daraja la nne misimu minne. Kocha Nathan Jones alipokuja mwaka 2016 alijenga timu kwa umbo la almasi: kiungo mmoja nyuma, wawili kando, mmoja juu, na washambuliaji wawili. Mfumo huo hauna mawinga. Upana hutoka kwa mabeki wa pembeni, na Luton walikuwa na wepesi kama James Justin na Jack Stacey. Beki wa pembeni akipanda, nyuma yake panabaki shimo, na wa kwanza kuliziba ni kiungo wa kando. Huyo anatakiwa akimbie pande mbili: timu ikiwa na mpira aingie kati kuusogeza, ikiupoteza atoke kulinda pembeni. Mpanzu alikuwa na pumzi ya kufanya yote mawili kwa dakika 90. Mwaka 2018 Luton walipanda wakiwa wa pili, na mwaka 2019 wakabeba ubingwa wa League One, daraja la tatu, Mick Harford akiwa ameishika timu baada ya Jones kuondoka Januari.

Championship, daraja la pili, ndiyo iliyomjaribu. Huko kinachopungua kwanza ni muda. Kiungo aliyezoea kugusa mpira mara tatu kabla ya kuamua, pale anapewa mguso mmoja. Msimu wa 2019-20 Luton walinusurika siku ya mwisho kwa kuwafunga Blackburn 3-2. Wachezaji wengi wa aina yake huzama hapo, kwa kuwa hujaribu kuwa watu wengine. Mpanzu alipunguza. Kwenye eneo lake mwenyewe alitoa pasi fupi na kuachana nayo, mbio zake akaziweka akiba kwa pale palipokuwa na nafasi ya kukimbia.

Rob Edwards alipochukua timu Novemba 2022 alikuta mchezaji anayeujua mwili wake. Katika mfumo wa mabeki watatu, mipira mirefu ilikwenda kwa Carlton Morris na Elijah Adebayo, nao viungo wakaishambulia mipira iliyodondoka. Marvelous Nakamba alipotua Januari 2023 kulinda mbele ya mabeki, Mpanzu akapata ruhusa ya kupanda bila wasiwasi wa nyuma. Ukitazama vizuri, ni kazi ileile ya mwaka 2013, safari hii mbele ya wapinzani bora zaidi. Luton wakamaliza wa tatu, wakaenda mchujo ulioishia Wembley, wakapanda.

Ligi Kuu ilionyesha mpaka wake, na mchambuzi wa haki lazima aseme hivyo. Mbio za kubeba mpira zilizopita Championship, huko zilikutana na viungo wenye kasi kama yeye na akili ya kumfungia njia mapema. Mpira ukipotea katikati kwenye ligi ile, adhabu yake hufika ndani ya sekunde chache. Luton walimaliza nafasi ya 18 kwa pointi 26, wakashuka.

Kushuka huko hakufuti somo. Makocha wetu wa vijana hupenda kumfundisha kila kiungo awe mchezesha timu, na mtoto mwenye nguvu na pumzi huambiwa hana kipaji. Mpanzu alikuwa na mambo mawili tu ya kiwango cha juu: kuubeba mpira mbele na kurudi kulinda. Aliyanoa kwa miaka kumi, akayapunguzia mapambo kila alipopanda daraja. Mtafutieni kijana jambo lake, kisha mpangieni mfumo unaolihitaji.