Ngozi ya sangara na kazi ngumu ya kulaza nyuzi upande mmoja

Kwenye mialo ya Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, sangara hauzwi kwa minofu peke yake. Bondo, kile kifuko cha hewa kilichojibana chini ya uti wa mgongo, huanikwa na kupimwa kwenye mzani wake, na lina wanunuzi wanaolifikisha Hong Kong na China bara. Mapanki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, nayo yana wateja wake. Ngozi ndiyo isiyozungumzwa sana, ingawa ngozi na bondo vimejengwa kwa kitu kilekile: kolajeni.

Kolajeni ni protini. Molekuli yake ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja mfano wa kamba ya katani, yenye urefu wa nanomita 300 na unene wa takriban nanomita 1.5. Molekuli hizo zikilaliana hufanya nyuzi, na nyuzi ndizo zinazoshikilia ngozi, mifupa na kano. Aliyewahi kuchuna mbuzi anaijua tofauti. Kano la mguu huchanika kwa urefu likawa nyuzinyuzi, lakini ukilivuta halikatiki. Ngozi hukaidi ukiivuta upande wowote. Mali ghafi ni ileile. Kwenye kano nyuzi zimelala sambamba, kwenye ngozi zimepishana.

Mpishano huo ndio unaowasumbua wahandisi wa tishu. Wanapotaka kuotesha kano jipya mahali pa lililokatika, huanza na kiunzi cha kolajeni ambacho seli hupanda juu yake, kama mafundi wanavyopanda miti iliyofungwa ukutani. Seli hufuata nyuzi. Mwaka 1993 Guido na Tranquillo walionyesha kwamba seli za tishu unganishi zikiwekwa ndani ya jeli yenye nyuzi zilizopangwa, nazo hujinyoosha kuufuata mpango huo. Kiunzi kikiwa shaghalabaghala, tishu nayo huota hivyohivyo.

Kabla ya kupanga nyuzi, lazima ijulikane kama malighafi inafaa. Kwa sangara wetu, jibu muhimu lilitoka ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2004 John Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere, akiwa na Cole na Duodu, alichapisha vipimo vya kolajeni iliyoyeyushwa kwa asidi kutoka ngozi za sangara wachanga na wakubwa. Kwa uzito mkavu, wachanga walitoa asilimia 63.1 na wakubwa 58.7. Huo ni wingi wa kutosha. Kipimo kilichobeba uzito zaidi ni cha joto: msokoto wa molekuli ulifumuka kwenye sentigredi 36 hivi.

Thelathini na sita! Mwili wa binadamu una 37. Msomaji mwenye haraka angefunga daftari hapo, na angekosea. Kwanza, 36 ni sifa kubwa kwa samaki. Kolajeni ya chewa wa bahari za baridi hufumuka kwenye 15 au karibu na hapo, kwa kuwa ina kiasi kidogo cha prolini na hidroksiprolini, viungo vinavyokaza msokoto. Samaki wa maji ya uvuguvugu hujijengea kolajeni ya kustahimili uvuguvugu. Pili, kipimo hicho ni cha molekuli zinazoelea moja moja kwenye asidi. Zikishalaliana kuwa nyuzi, hustahimili joto zaidi.

Ushahidi uko Iceland. Kampuni ya Kerecis, iliyoanzia Ísafjörður, mji mdogo wa wavuvi, huchukua ngozi ya chewa huyohuyo, huondoa seli zake na kuiacha na nyuzi zake kama zilivyo, ikatumika kufunika vidonda vya watu. Mwaka 2023 Coloplast ya Denmark ilikubali kuinunua kwa hadi dola bilioni 1.3 za Marekani. Lakini ngozi ni ngozi. Inafaa kidonda, kano linataka nyuzi zilizolala upande mmoja, na hapo hakuna budi kuyeyusha kila kitu na kupanga upya.

Njia ziko kadhaa. Ya zamani, waliyoieleza Elsdale na Bard mwaka 1972, ni kuacha majimaji yachuruzike wakati jeli inashika, mtiririko ukazilaza nyuzi kama maji ya mto yanavyolaza majani. Torbet na Ronzière mwaka 1984 walitumia sumaku kali, na nyuzi zikajipanga kwa kuukingama uelekeo wake. Kisha ikaja njia iliyopendwa kuliko zote: kurusha kolajeni kwa umeme wa volti nyingi hadi kwenye pipa linalozunguka, ikajizungusha humo kama uzi kwenye kibiringo. Picha zake zilipendeza mno. Mwaka 2008 Zeugolis na wenzake waliuliza, kwenye kichwa cha makala yao, kama hiyo si njia ya gharama tu ya kutengeneza jelatini, maana vimumunyisho vyake vilikuwa vikiufumua msokoto wenyewe.

Mwaka huohuo, Cheng, Akkus na wenzao wa Chuo Kikuu cha Purdue walileta mbinu ambayo kwa akili yake inazipita hizo zote. Waya mbili sambamba, kolajeni iliyosafishwa chumvi katikati yake, volti chache. Karibu na waya chanya uchachu hupanda, molekuli hupata chaji chanya na kusukumwa mbali. Karibu na waya hasi mambo hugeuka, nazo husukumwa kurudi. Hukutana kwenye mstari ambapo chaji yao ni sifuri, zikabanana hapo zimelala sambamba na waya. Ndani ya dakika chache uzi umepatikana, na msokoto haujaguswa. Mwaka 2012 Kishore na wenzake waliweka seli shina za binadamu juu ya nyuzi za namna hiyo. Mpangilio wenyewe ulizielekeza seli kuwa za kano.

Uzi huo ukilowa bado ni dhaifu. Huloweshwa kwenye jenipini, dawa itokanayo na tunda la gadenia, ambayo hufunga molekuli moja kwa nyingine. Kolajeni iliyoingia humo ikiwa nyeupe hutoka na rangi ya bluu iliyokoza.