Fundi Anayesoma Kosa la Saa

Laptopu ikifika mezani kwa fundi mjini Tukuyu huku ikionyesha Januari mosi ya mwaka 2012, mwenyewe huwa hajaja kwa ajili ya saa. Kilichomleta ni intaneti iliyogoma. Anataka kumwombea mwanawe mkopo wa chuo, dirisha linakaribia kufungwa, na kila tovuti anayoigusa inamwambia si salama. Bando lipo, mtandao unashika. Ameshazima na kuwasha, hata laini amebadilisha. Fundi anatupa jicho kwenye pembe ya chini ya kioo, kisha anauliza: “Shikamoo Mwalimu. Hii mashine ukiichomoa kwenye umeme, inasahau tarehe?”

Swali hilo moja lina ufundi mwingi ndani yake. Kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine inayoamini kwamba tuko mwaka 2012 inapoletewa cheti cha mwaka huu hukiona ni cha siku ambazo hazijafika, nayo hukikataa. Mteja analaumu mtandao, fundi anatazama kalenda.

Mimi nawavulia kofia mafundi hawa kwa jambo ambalo wengi hawalioni: wanajua kusoma kosa kabla ya kushika bisibisi. Saa iliyokosea haikosei ovyo. Ikiwa mbele kwa saa moja kamili, huenda mashine ni ya mtumba iliyopitia Dubai, na bado imewekewa majira ya Abu Dhabi. Ikiwa nyuma kwa saa moja, imeachwa kwenye majira ya Harare na Pretoria, ambayo ndiyo ya jirani zetu wa Malawi pia. Ukivuka mto Songwe pale Kasumulu, saa yako inarudi nyuma hata kama safari ni ya dakika chache. Ikiwa nyuma kwa saa kumi au kumi na moja, mtu ameingiza Windows upya na kuiacha kwenye majira ya pwani ya magharibi ya Marekani. Na tofauti ikiwa saa sita barabara, basi mwenye mashine ameirekebisha mwenyewe kwa hesabu yetu ya Kiswahili: ilikuwa saa mbili asubuhi, akaandika mbili, wakati mashine ilikuwa inangoja nane.

Makosa hayo yote hayahitaji kufungua kitu. Hapa ndipo fundi mwaminifu anapojulikana. Anaingia kwenye mipangilio, anachagua majira yanayoitwa Nairobi, kwa sababu kwenye orodha ya Windows Dar es Salaam haimo, na mteja akiuliza mbona amepelekwa Kenya, anamweleza kwa upole kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zinafuata saa ileile. Kusogeza mishale kwa mkono bila kugusa majira ni kazi bure: intaneti ikirudi, mashine inaulizia saa upya na kosa linarudi palepale.

Lakini tarehe inayorudi miaka mingi nyuma kila umeme unapokatika ni habari nyingine. Hapo betri ndogo ya saa imekufa. Nimependa kumtazama fundi akiifuata. Anatandika karatasi, anachora umbo la mashine, na kila skrubu anailaza mahali ilipotoka, maana ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa kilicho chini yake. Anachomoa kwanza betri kubwa. Kisha anainua kwa kibano kidude cha duara kilichovikwa plastiki, chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na plagi ndogo kama punje ya mchele. Ni CR2032: upana milimita 20, unene 3.2. Ikiwa mpya husoma volti tatu na kidogo. Hii mita inasema moja na nukta. Fundi wa pupa angechomelea nyaya moja kwa moja juu ya betri mpya. Huyu hafanyi hivyo, kwa kuwa moto ule unaweza kuipasua. Anatafuta yenye vikia vilivyofungwa kiwandani, anaunganisha nyaya hapo, anaivika upya.

Kazi ya betri hiyo ni kulisha kipande cha kwazi (quartz) kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ukiigawa kwa mbili mara 15, unabaki na moja: sekunde yenyewe. Mashine imezimwa, imefungiwa kabatini Katumba au Mwakaleli, ukungu wa mlima Rungwe umetanda siku nzima na jua halionekani, lakini kwazi inahesabu. Na hata jua likionekana, halikubaliani na saa. Saa ya Afrika Mashariki inafuata nyuzi 45 mashariki, mstari usiogusa ardhi ya Tanzania. Sisi tuko mbali magharibi yake, kwa hiyo jua la Tukuyu hufika utosini, kwa wastani, kama saa saba kasorobo.

Baada ya kufunga, fundi anaweka tarehe kwenye bayosi (BIOS), anachagua majira, anaunganisha intaneti. Halafu anachomoa kila chanzo kingine cha umeme isipokuwa betri hiyo ndogo, anaiacha mashine ikae, anaiwasha tena. Tarehe imebaki. Ndipo anasema imepona. Asiyefanya jaribio hilo la mwisho hajamaliza kazi, hata kama kioo kinaonyesha saa sahihi.

Mteja anatoa “ndaga fijo”, asante sana ya Kinyakyusa, ya moyoni, kisha ukitajwa ufundi anaguna: betri ni ya bei ndogo, na si umefungua skrubu tu? Hiyo ni dhuluma, nami naisema wazi. Yule aliyetengeneza kwa kubadilisha majira, bila kuuza hata waya, ndiye anayeguniwa zaidi, ilhali ndiye aliyekuepusha kununua kitu usichokihitaji. Ndugu msomaji, ukipeleka mashine yako mjini, mlipe fundi kwa kujua kwake, na umlipe siku hiyohiyo.