Msitu Ulio Chini ya Herufi M

Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwenye herufi M, kisha jiandae kutembea. Humo mna mbuyu, mchungwa, mkarafuu, mkwaju, mlangilangi, mninga, mpamba, mpera, mwarobaini, mwembe, mzambarau. Yote ni mimea inayotoa maua, ya pwani na ya bara, ya asili na ya kuletwa, na yote imesimama kwenye mstari mmoja kama wanafunzi walioshonewa sare moja. Nasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili, na kurasa hizo nimezipitia mara nyingi kuliko riwaya yoyote. Lawama yangu kwao ni moja: kamusi imetupa msitu mzima, lakini msitu huo hauchanui.

Tuanze na sare yenyewe. Hiyo M ni alama ya ngeli, ile tuliyokaririshwa shuleni kwa jina la M-MI au U-I: mti umeanguka, miti imeanguka. Chukua embe, weka M mbele yake, unapata mwembe unaolizaa. Chungwa na mchungwa, pera na mpera, karafuu na mkarafuu. Kanuni haibagui mgeni. Parachichi lilitoka Amerika ya Kati, likafika, likapewa mparachichi. Jakaranda ilitoka Amerika ya Kusini, ikawa mjakaranda. Hata mtu amevaa M hiyohiyo. Wingi ndio unaomtenga na mti: watu huku, miti kule.

Mtunga kamusi anayepanga maneno kwa herufi ya kwanza lazima aamue kama M itahesabiwa au itavuliwa. Tangu toleo la kwanza la mwaka 1981, waliokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili wameihesabu. Ni uamuzi wa huruma kwa msomaji, kwa sababu anayekutana na neno mkwaju gazetini atalitafuta kama alivyoliona. Lakini una gharama yake. Embe liko kwenye E, mwembe uko kwenye M, na kati yao kuna mamia ya kurasa. Mti na tunda lake hawaonani. Kinachobaki kuwaunganisha ni maelezo ya neno, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Maelezo mengi ya mimea hupita njia moja. Ni mti, mkubwa au mdogo, uzaao kitu fulani, au ufaao kwa mbao, kuni au dawa. Wakati mwingine husimama kwenye aina ya mti, basi. Mmea unasomwa kwa faida yake. Ua, linalotangulia tunda na ambalo bila hilo tunda halipo, linarukwa.

Chukua mpamba. Huku Usukumani mmea huu si habari ya kitabuni. Ndio uliojenga ushirika wa kanda ya ziwa, hadi vyama vya wakulima vikaungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani. Ukiutafuta kwenye kamusi, unaelekezwa kwenye pamba, na pamba inakupeleka kwenye nyuzi. Ni sawa, nyuzi ndizo zilizolipa karo za watoto. Lakini mpamba una ua, tena ua lenye vituko. Huchanua likiwa na rangi ya maziwa, kesho yake likageuka waridi au jekundu, kisha likanyauka na kuanguka, likiacha kitumba. Jirani yangu hapa Igoma, bibi aliyelima pamba Kwimba kabla ya kuhamia mjini kwa mwanawe, nilimsalimia siku moja nikamuuliza habari za ua hilo. Hakufikiri hata kidogo. “Mjukuu wangu, jeupe ni la leo, jekundu ni la jana.” Bibi huyu hajapata kumiliki kamusi, na maelezo yake ya maneno machache yana jambo ambalo kamusi haina.

Mbuyu nao umepata hasara ileile. Tunaambiwa unene wake na mabuyu yake. Hatuambiwi kwamba ua lake ni jeupe, kubwa, linaning'inia, linafunguka jua likizama, na popo ndio wanaolitembelea usiku.

Mtu anaweza kunijibu kwamba Waswahili hawana desturi ya kujali maua, kwa hiyo kamusi inaakisi tu jamii yake. Pwani inakanusha. Huko kuna asumini, afu, waridi, langilangi na kilua, kila moja na harufu yake na mahali pake kwenye kikuba au kwenye nywele za bibi harusi. Huko ua lina jina lake kwanza, na mti ndio unaolifuata kwa kuongezwa M: mwasumini, mlangilangi, mkilua. Jina la mwisho lilisafiri mbali. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt aliupa mmea huo jina la kisayansi la Mkilua fragrans. Aliuchukua pamoja na M yake. Kwenye orodha za kisayansi za dunia nzima, alama yetu ya ngeli sasa ni sehemu ya jina isiyovuliwa, na neno la Kilatini lililofuata linataja harufu nzuri. Ua limekumbukwa.

Wala si pwani peke yake. Ule mti wa asili ya Madagaska unaowaka mwekundu mwisho wa mwaka, watu wameuita mkrismasi. Hawakuuita kwa tunda wala kwa mbao. Wameuita kwa majira ya kuchanua kwake, wakabandika M, wakaendelea na shughuli zao. Kwa hiyo lugha inaweza. Walioacha ua nyuma ni waandishi wa maelezo.

Huku kwetu kuna swali jingine. Ziwani, ua linaloonekana kuliko yote ni la gugumaji, lililoingia Ziwa Victoria kutoka Amerika ya Kusini na kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Ua lake ni la zambarau nyepesi, na petali moja ina doa la njano. Mmea huo haukupewa M. Ulipewa hukumu: gugu. Kwa mvuvi aliyenaswa nyavu na mtumbwi hukumu hiyo ni ya haki, nami siipingi. Naona tu kwamba jina hutolewa kwa kile mmea unachotupa au unachotunyang'anya.

Tena M yenyewe si ya kila mtu. Kwa Kisukuma mwaka ni ng'waka, mwezi ni ng'wezi, na mbuyu ni ng'wandu. Jina la mji wetu Wasukuma hulitamka Ng'wanza, ramani zikaandika Mwanza. Msitu uleule ukiuandika kwa Kisukuma unahamia herufi nyingine, na mstari wote wa sare unavunjika. Hilo linanionyesha kwamba kukaa pamoja kwa mimea hii ndani ya kamusi ni jambo la sarufi tu, halina undugu wa mmea kwa mmea. Kama herufi haiwezi kutuambia mbuyu ni nini, maelezo yana deni kubwa zaidi.

Najua kamusi si kitabu cha botania, na kila neno lina gharama ya karatasi. Lakini kizazi changu kinajifunza mimea kwenye maandishi kuliko shambani. Tunapita chini ya mti tukisema ua zuri, bila kujua la nani, na bibi wa Kwimba hatakaa nasi milele. Toleo lijalo likinipa nafasi ya neno moja tu, ningeandika hivi:

mpamba nm mi- [u-/i-] mmea wa shambani wenye ua la rangi ya maziwa siku ya kwanza na jekundu siku ya pili, na kitumba kinachopasuka kikatoa pamba.