Jinsi Mkakamao wa Ateri za Moyo Ulivyothibitishwa

Mkakamao wa ateri za moyo ni hali ambayo misuli laini iliyomo katika ukuta wa ateri hujikaza ghafla, njia ya damu ikabanwa au kuziba kabisa, kisha ikafunguka baada ya dakika chache. Kwa kuwa misuli hiyo hulegea mtu akishakufa, uchunguzi wa maiti, ambao ulionyesha wazi mafuta na damu iliyoganda mishipani, haukuweza kuuonyesha mkakamao wenyewe. Kwa hiyo ushahidi ulipaswa kutafutwa kwa mgonjwa aliye hai, tena maumivu yakiwa yangalipo.

Dalili ya kwanza yenye uzito ilitoka kwenye kipimo cha umeme wa moyo. Mwaka 1959, Myron Prinzmetal na wenzake nchini Marekani walieleza anjaina, yaani maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu, ambayo iliwapata wagonjwa wakiwa wamepumzika, na si wanapofanya kazi nzito. Katika anjaina ya kawaida sehemu ya mchoro iitwayo ST hushuka, lakini kwa wagonjwa hao ilipanda, ishara kwamba unene wote wa msuli ulikosa damu, kisha ikarudi mahali pake maumivu yalipokwisha. Prinzmetal alihisi kuwa ateri ilikuwa ikijibana, ila hakuwa na picha ya kuthibitisha.

Picha hizo zilipatikana kwa anjiografia, ambayo huingiza mrija mwembamba hadi kwenye ateri za moyo na kumimina dawa inayoonekana kwa eksirei. Mwaka 1973 Philip Oliva na wenzake walionyesha ateri ikibanwa wakati wa shambulio, na mwaka 1978 Attilio Maseri na wenzake, nchini Italia, wakatoa hoja kwamba mkakamao waweza kusababisha hata kufa kwa msuli wa moyo. Kwa kuwa mashambulio mengi huja usiku au alfajiri, madaktari walibuni pia njia ya kuuchokoza mkakamao chini ya uangalizi, ama kwa ergometrini, dawa inayojulikana zaidi kwa kukaza mji wa mimba baada ya kujifungua, ama kwa asetilikolini, ambayo hutanua mshipa wenye utando wa ndani ulio mzima lakini huubana ule ambao utando wake umeharibika.

Ugunduzi huo ulibadili tiba, kwani dawa zinazozuia kalsiamu kuingia katika misuli ya mishipa, pamoja na naitreti, huzuia mkakamao, ilhali propranololi, inayowafaa wengi wenye anjaina ya kawaida, yaweza kuuzidisha. Kwa hiyo ateri zinazoonekana safi kwenye picha hazitoshi kumwondolea mgonjwa shaka ya maradhi ya moyo, na avutaye sigara hana budi kuiacha, kwa maana huchochea mkakamao huo.