Mpala na Kibanga: ukuta haukushindwa, mahali ndipo paliposhindwa

Maelezo ya kawaida kuhusu misheni za kwanza za Ziwa Tanganyika ni mafupi: mapadri walijenga, vita vya biashara ya watumwa vikaja, misheni zikafa. Kwetu Kongolo maelezo hayo huaminika upesi, maana mji huu unajua bunduki inavyofanya kazi. Tarehe 1 Januari 1962 askari wa jeshi la taifa waliwaua hapa wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu, na miili yao ikatupwa katika mto Lualaba. Lakini kumbukumbu hiyo ikibebwa hadi Mpala na Kibanga ya karne ya 19 inapotosha. Ngome zile za mapadri hazikuangushwa na maadui ambao ukuta ulijengwa kuwazuia. Kilichowahamisha wenyeji wake ni namna zilivyojengwa: watu wengi ndani ya boma moja, kando ya maji, katika jengo lisiloweza kuhama.

Ujenzi huo haukuzuka tu. Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika ziwani mwaka 1879 na kuanza Rumonge, upande wa Burundi, bila ulinzi wa maana. Mei 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao d'Hoop waliuawa huko katika ugomvi ulioanzia kwa mtoto aliyekombolewa, na kituo kikaachwa. Huu ndio ushahidi mzito zaidi dhidi ya hoja yangu, kwa hiyo niuweke mbele: ndiyo, kuna misheni moja ya ziwa hili iliyokufa kwa silaha. Ila ilikufa kwa kuwa haikuwa ngome, na kila kilichofuata kilikuwa jibu kwa Rumonge. Mwaka 1883 mapadri walianzisha Kibanga, waliyoiita pia Lavigerieville, kwenye mwambao wa magharibi karibu na rasi ya Ubwari. Mwezi Mei mwaka huohuo Luteni Émile Storms, Mbelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, alivuka kutoka Karema, upande wa mashariki wa ziwa, na kuanzisha Mpala kwenye mlango wa mto Lufuko, baada ya kuchanjiana damu na mtemi aliyeachia mahali hapo jina lake. Storms alitawala kwa rugaruga, yaani askari wa kukodiwa. Desemba 1884 watu wake walimuua mtemi Lusinga, na fuvu lake likaishia Brussels. Mwaka 1885, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipoelekeza macho yake kwenye mto Kongo, vituo vya Mpala na Karema vikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Padri Moinet alirithi kituo, silaha na mamlaka juu ya vijiji vya jirani, vyote kwa mkupuo.

Mtu anaweza kusema kwamba Mapadri Weupe si watawa wa ndani, kwa hiyo kuilinganisha Mpala na monasteri za Ulaya ya kale ni kulazimisha. Kisheria ana haki. Lakini nakitazama kituo kwa kazi zake. Palikuwa na ua uliofungwa, kengele iliyogawa siku, mashamba ya pamoja, karakana, shule, hukumu ya kesi ndogondogo, na familia mpya zilizoundwa kutokana na vijana waliokombolewa utumwani, wakapewa viwanja chini ya macho ya mapadri. Lavigerie mwenyewe aliota utawala wa kikristo katikati ya Afrika, akatafuta wanajeshi wa zamani wa Papa waje kuulinda. Aliyefaa kuliko wote alikuwa Kapteni Léopold-Louis Joubert, Mfaransa aliyefika Mpala mwaka 1887, akaoa mwenyeji, Agnes Atakaye, na kuunda kikosi cha vijana wa misheni. Hiyo ndiyo monasteri ya zama za kati pamoja na bwana mwenye upanga mlangoni, imehamishiwa kwa Watabwa, wenyeji wa Mpala.

Ukuta ulifaulu? Kwa kipimo chake, ndiyo. Kufikia mwaka 1891 watu wa Rumaliza, yaani Mohammed bin Khalfan wa Ujiji, walishika karibu mwambao wote wa magharibi isipokuwa sehemu ya Mpala na Mrumbi iliyolindwa na Joubert. Hapa kuna pingamizi la haki: labda Rumaliza hakutaka kugombana na Wazungu ambao kifo chao kingefika masikioni mwa makonseli Zanzibar, na hivyo ukuta haukujaribiwa kikamilifu. Nakubali kwamba siasa ilisaidia. Lakini siasa hiyo haikuwakinga watu wa vijijini, ambao mtekaji hakuona hasara kuwachukua, na ndiyo maana walikimbilia bomani. Wingi wa watu ndani ya kuta ni matunda ya ulinzi uliofanikiwa, uwe umetokana na matofali au na hofu ya makonseli. Na wingi huo ndio uliogeuka tatizo.

Tuangalie ufundi wenyewe. Jengo la matofali mabichi linadai mambo matatu: udongo wa mfinyanzi, maji mengi ya kuukanda, na mikono mingi. Vyote vitatu hupatikana bondeni, karibu na mlango wa mto, na hapo ndipo Mpala ilipowekwa. Kila tofali linalopanda ukutani huacha shimo ardhini, na masika yakija mashimo hayo hujaa maji na mbu. Paa la nyasi hulinda ukuta dhidi ya mvua lakini hukaribisha moto. Kituo cha Storms kiliungua kabla hajaondoka. Tofali bichi halisamehe uvivu: upenu ukipungua, maji hula mguu wa ukuta, lipu isipokandikwa upya baada ya masika, nyufa hufunguka. Jengo la aina hii husimama kwa sababu kuna watu mamia wanaolikarabati kila mwaka. Wakiondoka hao, mvua za misimu michache humaliza kazi ambayo bunduki haikuweza kuianza. Abasia ya Cluny huko Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 910, ilihitaji mapinduzi na mnada wa mwaka 1798 ili iwe gofu. Wanunuzi waliibomoa wakauza mawe yake, na kanisa lake kubwa likabaki karibu sehemu moja ya kumi. Kule jiwe lilikuwa mali ya kuibiwa. Huku udongo haukuwa na mnunuzi, ukarudi chini peke yake, na ndiyo maana mahame ya ziwani hayana kimo cha kumvutia mpiga picha.

Mahali pa kujenga palichaguliwa pia kwa ajili ya mitumbwi, na hapo ziwa lenyewe likawacheza shere. Stanley alipopita mwaka 1876 aliukuta Lukuga, mto unaotoa maji ya ziwa, umeziba. Miaka michache baadaye maji yakavunja kizuizi hicho, na ziwa likashuka kama mita 10 kabla karne haijaisha. Mkazi wa Kalemie anayeishi kwenye mlango wa Lukuga anajua ziwa halitulii, hasa baada ya mafuriko ya miaka ya karibuni. Waliochagua viwanja mwaka 1879 na 1883 hawakujua kwamba wanapima kutoka kwenye ukingo wa muda. Karema, ngome iliyowekwa ili itazame maji, ilijikuta maji yanaikimbia na kuacha tambarare ya matope kati yake na gati. Tanzania imejenga bandari mpya Karema karne hii, na nadhani wahandisi wake walisoma historia hiyo kwa makini zaidi kuliko wanahistoria.

Lakini kubwa kuliko yote ni malale. Mbung'o wa mwambaoni hupenda kivuli cha vichaka kando ya maji, mahali palepale watu wanapoteka, wanapooga na kufunga mitumbwi. Boma lenye watu wengi wanaotumia kijia kimoja kwenda mtoni humpa mdudu huyo karamu ya kila siku, na ugonjwa hupita kwa urahisi kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Kijiji cha kale cha Watabwa kilikuwa na dawa moja ya maradhi yasiyoeleweka: kuhama. Nyumba zilikuwa nyepesi, mashamba yalihamishwa hata hivyo. Monasteri haikuwa na dawa hiyo, kwa kuwa thamani yake yote ilikuwa katika kutohama. Kibanga iliachwa kwa sababu ya ubaya wa afya yake, na watu wake wakapelekwa Baudouinville, kituo kipya kilichoanzishwa na Padri Victor Roelens mwaka 1893 kule Kirungu, mlimani juu ya Moba. Angalieni wakati: nguvu ya Rumaliza ilivunjwa mwanzoni mwa 1894. Mapadri waliiacha ngome ya ziwani pale vita vilipokuwa vinaelekea ukingoni. Kama ni vita vilivyowafukuza, wangeondoka mapema zaidi, na wasingekwenda kujenga kwenye mwambao uleule kusini zaidi.

Zipo sauti mbili za kupinga hapa. Ya kwanza inasema malale iliua hata mahali pasipo na misheni, na huo ni ukweli. Uganda peke yake ilipoteza zaidi ya watu laki mbili katika mlipuko ulioanza mwaka 1900, na serikali ikawaondoa watu mwambaoni mwa Ziwa Viktoria na visiwa vya Sese. Sidai kwamba boma lilizaa ugonjwa. Nadai kwamba liliwakusanya wagonjwa na kuwazuia wazima kuondoka. Sauti ya pili inasema tunawahukumu wafu kwa elimu ya baadaye, kwani madaktari Castellani na Bruce walitambua chanzo cha malale Entebbe mwaka 1903 tu. Hilo lingenyamazisha lawama, lakini mimi sitafuti wa kulaumiwa. Roelens hakuhitaji hadubini ili aone makaburi yanaongezeka bondeni. Alichagua mlima miaka kumi kabla ya Entebbe. Shule aliyoifungua Mpala nayo ikapandishwa Lusaka (ya hukohuko Kongo, si ya Zambia) mwaka 1905, na Stefano Kaoze, aliyeanzia masomo Mpala, akaipata daraja ya upadri Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, Mkongomani wa kwanza. Mpala ilibaki parokia. Kilichoondoka ni kiini chake.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyofanya kuhama kuwezekane, na haitajwi sana. Dola Huru ya Kongo ilipoleta askari wake, misheni haikuhitaji tena kikosi cha Joubert. Na mkataba wa Mei 1906 kati ya Vatikani na dola hiyo uliipa kila misheni hekta 100 au 200 za ardhi. Ulinzi ukatoka kwenye ukuta ukaingia kwenye karatasi. Ndipo mapadri wakaweza kujenga kwa tofali la kuchoma, wazi, bila minara ya kulenga shabaha. Joubert alifia Misembe mwaka 1927 akiwa mzee wa kijiji zaidi kuliko kapteni.

Kongolo inathibitisha kwa upande wa pili kwamba mahali, si silaha, ndipo panapoamua. Mauaji ya 1962 yalikuwa mabaya kuliko chochote kilichowapata mapadri wa Kibanga, lakini dayosisi iliyoundwa mwaka 1959 ingali hapa, kwa sababu mji una reli, mto na watu wenye kazi zao wenyewe wasiomtegemea padri kwa chakula. Kibanga haikuwa na chochote nje ya misheni. Na Baudouinville yenyewe, pamoja na kanisa lake kubwa la matofali na hewa yake nzuri, haikudumu kuwa makao pekee. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, Albertville, yaani Kalemie ya leo, ikawa bandari, na uzito wa mambo ukaanza kuteremka tena kuelekea majini. Leo dayosisi ya Baudouinville inaitwa Kalemie-Kirungu, na ni jina la pwani linalotangulia.