Matundu ya Risasi Ambazo Hazikupigwa

Chukua Gloster Gladiator ya plastiki, kipimo cha 1/72. Ndege halisi ilikuwa na mabawa ya karibu mita 9.8 toka ncha hadi ncha. Hii haifiki sentimita 14, unaibeba kwa mkono mmoja. Umeunganisha vipande, umepulizia kijani na kahawia juu, umebandika zile alama za duara za jeshi la anga la Uingereza. Inang'aa kama pipi. Mtu wa kawaida atasema kazi imekwisha. Kwa wenye mapenzi na sanaa hii, kazi ndiyo kwanza inaanza: sasa inabidi uichafue.

Nitaiita kazi hiyo kuzeesha. Njia zake ni nyingi. Kuna rangi ya mafuta iliyozimuliwa mpaka ikawa kama maji machafu: unaiacha ipenye kwenye mistari ya maungio, kisha unafuta ya ziada. Kuna brashi iliyofutwa rangi karibu yote, unayoipitisha kwenye kingo ili zipauke. Kuna spreya ya nywele, hiyo hiyo ya saluni: unaipulizia juu ya rangi ya fedha, unapaka kijani juu yake, halafu unasugua kwa brashi yenye maji, na kijani kinabanduka kama rangi ya geti la zamani. Wengine hutumia chumvi, wengine kipande cha sponji. Unga wa rangi, laini kama vumbi la chaki, unageuka kuwa moshi na mchanga.

Kwa nini niwaletee haya watu wa riwaya na mashairi? Kwa sababu anayefanya hivi anasimulia. Hana maneno, ana madoa tu, lakini anadai kile ambacho kila mwandishi wa hadithi anadai: kwamba kitu hiki kilikuwapo kabla hujakiona, na kimepatwa na mambo. Na kama msimulizi yeyote, anaweza kutudanganya. Kanuni yangu ya kumhukumu ni fupi: doa zuri ni lile lenye sababu. Lisilo na sababu, hata lipakwe kwa ustadi gani, ni uongo. Na kwenye ndege ya vita uongo huo si jambo dogo.

Tuanze na uongo mdogo. Bawa la Gladiator halikuwa bati. Lilikuwa kiunzi kilichovikwa kitambaa. Nusu ya nyuma ya kiwiliwili nayo ilikuwa kitambaa. Mabati yalikuwa mbele, karibu na injini. Sasa kitambaa hakichubuki kama bati. Kinapauka, kinachafuka, kinatiwa viraka. Fundi akiweka vidonda vya chuma kitupu katikati ya bawa hilo, basi hakuitazama ndege, aliitazama modeli ya mwenzake. Ni kama riwaya ambayo kila mzee ndani yake anavuta kiko na kuongea kwa methali: mzee huyo katolewa kwenye vitabu, hakutolewa mtaani.

Fundi anayejua huanza na maswali. Rubani alipandia wapi? Hapo pawe na alama za buti. Injini ilivujisha mafuta? Basi yakimbilie mkiani, maana upepo unatoka mbele. Ile pete ya mbele ya injini inayokusanya moshi iliungua mpaka ikawa rangi ya shaba iliyochakaa. Kambi ilikuwa jangwani? Basi mchanga umekwangua pangaboi na kingo za mbele za mabawa, na jua limepausha mgongo kuliko tumbo. Kila jibu linakuwa tone la rangi. Hapo modeli inasomeka.

Sasa uongo mkubwa, na hapa Gladiator inatuletea mtu ambaye wasomaji wengi wanamjua: Roald Dahl. Kabla ya kuwa mwandishi wa vitabu vya watoto, alikuja Dar es Salaam mwaka 1938 kufanya kazi Shell. Vita ilipoanza alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza, na huko ndiko alikojifunza kurusha ndege. Septemba 1940, nchini Misri, alipewa Gladiator aende nayo kujiunga na kikosi chake jangwani. Kiwanja hakukiona. Jua likazama, mafuta yakawa yanakwisha, akajaribu kutua kwenye mchanga na mawe. Ndege ikajibamiza na kuwaka moto. Alitambaa akatoka, fuvu limepasuka, akakaa wiki kadhaa haoni. Hakuna adui aliyempiga hata risasi moja.

Agosti 1942 gazeti la Marekani, Saturday Evening Post, likachapisha simulizi yake chini ya kichwa kinachosema alitunguliwa Libya. Dahl wakati huo alikuwa ubalozini Washington, Uingereza ilihitaji mashujaa, na rubani aliyetunguliwa ana soko kuliko rubani aliyepotea njia. Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake Going Solo cha 1986, alieleza wazi kwamba hakutunguliwa.

Hebu fikiria modeli mbili za ndege hiyo. Ya kwanza inafuata kichwa cha gazeti: unachoma matundu ya risasi kwa sindano ya moto, unayazungushia masizi, watu wanasifia. Ya pili inafuata kilichotokea: vumbi, mafuta kidogo tumboni, alama za buti, na tundu hata moja hakuna. Kwa haraka haraka utasema hii ya pili haina hadithi. Lakini mimi ndiyo inayoniuma. Kijana wa miaka 24, ndege haina tatizo lolote, na maelekezo ambayo, kwa maelezo yake, yalimpeleka pasipo na kiwanja. Tundu la risasi linatupa adui wa kumlaumu. Vumbi linatuachia swali gumu zaidi: nani alimtuma huko, na kwa maelekezo gani?

Hata hivyo, sitaki ieleweke kwamba usafi ndio ukweli. Ipo ndege ambayo usafi wake ndio unaonisumbua: Enola Gay, ile B-29 ya fedha iliyodondosha bomu la atomiki juu ya Hiroshima. Makumbusho ya Smithsonian huko Marekani yalipanga kuionyesha mwaka 1995 pamoja na vitu vilivyotoka Hiroshima na Nagasaki, na mjadala juu ya uamuzi wenyewe wa kudondosha mabomu. Wanajeshi wa zamani na wabunge wakapinga, mpango ukafutwa, mkurugenzi Martin Harwit akajiuzulu, na sehemu ya kiwiliwili cha ndege ikaonyeshwa kwa maelezo machache. Tangu 2003 ndege nzima iko kwenye kituo cha Udvar-Hazy, Virginia, imeng'arishwa vizuri.

Anayetengeneza modeli yake hujitesa kwa rangi za fedha, kila bati na mng'ao wake, maana alumini tupu haisamehi hata alama ya kidole. Nikiona iliyofanywa vizuri nainama kuitazama kama mtoto, sikatai. Moshi uko nyuma ya injini, mafuta yako yanapostahili. Kanuni yangu ya doa lenye sababu imefuatwa yote, na bado kuna kitu hakipo. Ndege ile ilirudi salama kisiwani Tinian. Iliyoyafanya yalibaki chini, kwa watu ambao hawamo kwenye boksi la vipande.

Hapo ndipo sanaa hii inapofika ukutani. Kuzeesha kunaeleza ndege ilivyotendewa, hakuelezi ilivyotenda. Na tusipoangalia kunatufanya tuihurumie: tunaona mashine iliyochoka, kama daladala ya siku nyingi, tunasahau ilikuwa inabeba nini.

Siwaambii mafundi waache. Kazi yao imenifundisha kusoma maelezo madogo ya riwaya kwa jicho kali zaidi: vumbi hili kwenye viatu vya mhusika limetoka barabara gani? Ninachoomba ni kidogo. Modeli nyingi hukaa juu ya kibao chenye jina la ndege na kikosi. Uongezwe mstari mmoja: siku gani hii, na ndege inakwenda wapi. Kwa Gladiator ya Dahl ungesomeka: Septemba 1940, inakwenda kwenye kiwanja ambacho rubani hatakiona. Kwa ile ya fedha: 6 Agosti 1945, Hiroshima, saa mbili na robo asubuhi.